Mkwe Hakujikojolea, Ilikuwa Kahawa

Sawa. Kwa sababu kuna mtu, na anajijua, amezungusha stori kwa grupu tatu za WhatsApp tangu Jumamosi eti "baba mkwe wa jamaa alijikojolea akiombewa", nimeona heri niseme mwenyewe. Mzee hakujikojolea. Ilikuwa kahawa. Na kabla uandike hapo chini "sasa hiyo ndio afadhali?", tulia, bado hujasikia.

Mnakumbuka ile mashine ya kahawa nilipost mwezi uliopita nikiringa? Ile binamu yangu alinibebea kutoka Marekani kwa sanduku, imefungwa na suruali zake? Ndio hiyo. Unaweka maji nyuma, unaweka karatasi ya kuchujia na unga wa kahawa kwa kale kakikapu ka juu, jagi la glasi linakaa chini, inachemsha na kudondosha tone tone. Ya Marekani inatumia volti 120 na sisi huku ni 240, kwa hivyo nilishuka Luthuli Avenue mjini, kwa maduka ya vifaa vya stima, nikanunua transfoma, jiwe la chuma zito kama dhambi ya wizi, inanguruma usiku kucha kama friji ya kinyozi. Nikaiweka juu ya friji. Kumbukeni hapo, ndio maana bado niko hai.

Sasa sifa kubwa ya hii mashine ni kwamba ina saa. Unaiseti usiku, unalala, asubuhi inajiwasha yenyewe unaamkia harufu tu kama uko kwa tangazo la TV. Mwezi mzima sikuwa nimeguza hiyo saa. Ilikuwa inapepesa 12:00, 12:00, 12:00, na mimi nikiona ni pambo.

Alafu Mheshimiwa (mpenzi wangu, jina lake simwagi hapa, ameshachoka na nyinyi) akaniambia wazazi wake wanashuka Nairobi kwa harusi ya mtu wa ukoo, na Jumamosi watapitia kwangu Umoja "waone tu mahali unakaa". Waone tu. Wanaume wenzangu mnajua hiyo "waone tu" ina uzito gani.

Mzee wake ni mkulima wa kahawa huko Kirinyaga. Miti ya SL28, ile aina ya kahawa ya zamani, aliyoachiwa na baba yake, anachuma, anapeleka fakitori, anarudi nyumbani anakunywa nini? Chai. Ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Mheshimiwa aliniambia babake hajawahi kumaliza kikombe kimoja cha kahawa maisha yake yote. Mimi kichwani nikaona ndio hapa hapa, huyu mzee ataonjea kahawa yake kwangu kwa mara ya kwanza, atalia machozi, atanipea binti na ng'ombe juu. (Najua ng'ombe hutoka upande wangu. Nilikuwa naota.)

Ijumaa usiku nikaamua nifanye majaribio. Nilikuwa lazima niamke saa kumi na moja unusu niende soko la Burma nikapate nyama ikiwa bado inatetemeka, kwa hivyo mpango ni mashine iniamshe na kahawa. Nikaangalia simu, ni saa tatu usiku kamili, nikabonyeza zile batani za H na M mpaka saa ya mashine ikasoma 9:00 PM. Safi kabisa. Alafu nikashika ile ya PROG, niseti saa ya kupika. Hapo ndio Mheshimiwa akapiga simu. "Umepanga kuamka saa ngapi?" Simu imebanwa kwa bega, kidole kiko kwa batani, namjibu "saa kumi na moja unusu", na kidole, mtumishi mtiifu, kikaandika alichosikia. 11:30. Nikaangalia kama ni AM ama PM. Ni AM. Alfajiri ni AM, si ndio? Nikajipongeza kabisa.

Nyinyi wa kucheka mbio mshaona. Ngojeni wengine wafike.

Nikajaza maji mpaka mstari wa 12. Sio kwamba nakunywa vikombe 12, kikombe chao Wamarekani ni kidogo kama cha bibi arusi, mililita 150 hivi, lakini ukizidisha bado ni karibu lita moja na nane. Kahawa nikaweka vijiko sijui vingapi, niliacha kuhesabu nikifika kumi. Taa ndogo ya kijani ya mashine ikawaka. Nikalala.

Alamu ya simu ikanitoa kitandani saa kumi na moja na dakika arobaini. Hakuna harufu. Naenda jikoni, mashine imetulia kama askari wa kanjo baada ya kupokea hongo, na saa yake inasema 4:13. Nikasema stima ilipotea usiku. Lakini stima ikipotea si ile saa hurudi kupepesa 12:00? Hii ilikuwa inaendelea vizuri tu, ila imechelewa kama saa moja unusu. Nikaiambia pole, bado uko na uchovu wa ndege, nikachemsha chai nikaenda zangu Burma. Kale kataa ka kijani kalikuwa bado kanawaka. Nikakaona. Nikakaacha.

Wacha nikubali pia hili ndio mnitukane mara moja tuendelee: nilipotoka sokoni nikakumbuka sina jagi la juisi. Nikachomoa lile la glasi kwa mashine nikalijazia juisi ya maembe. Maji bado yako ndani, kahawa bado iko ndani, taa bado inawaka.

Wageni wakafika saa saba. Mzee, mama, shangazi mmoja wa kanisa aliye na sauti ya kuhubiria uwanjani, na Mheshimiwa amevaa rinda ambalo sijawahi kuona. Wakavua viatu mlangoni kama watu wenye adabu. Mzee alikuwa na soksi nyeupe. Nyeupe, jamani, zile za kununuliwa kwa ajili ya harusi. Yule rafiki yangu (ndio wewe, msambazaji) alikuwa amekuja kunisaidia na pilau, na kusema ukweli pilau ilitoka. Mzee aliongeza mara mbili. Mama akaangalia pazia, akaangalia vikombe, akatingisha kichwa upande wa ndio. Nilikuwa nimeshinda. Juisi ya maembe wakaimaliza hadi ikabidi mama aulize hilo jagi zuri nimelitoa wapi.

Shangazi akasema tusimame tuombe kabla ya kutoka.

Tukashikana mikono duara. Mkono wangu wa kulia uko kwa mzee, kiganja kigumu kama gome la mti, wa kushoto uko kwa shangazi, na huyo akishika hakuachi. Macho yamefungwa. Jikoni kwangu hakuna mlango, kuna pazia tu, na kaunta iko hatua tatu kutoka mgongo wa mzee. Kitu kingine, fundi aliyeweka tailosi nyumba yangu hakuwa anaamini pima maji. Ukimwaga glasi ya maji jikoni, inakuja yenyewe sebuleni kusalimia wageni.

Shangazi ameanzia Abrahamu. Amefika Isaka. Nikasikia "tk".

Kadogo tu. Alafu transfoma juu ya friji ikabadilisha sauti, ile mnguruma wa kawaida ukashuka chini ukawa mzito, kama matatu imepata mlima. Nikajua. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Nikavuta mkono wa kushoto, shangazi akaukaza, akadhani nimeguswa na Roho, akapandisha sauti.

Blop. Blop blop. Maji yakichemka kwa ule mfereji ndani yanapanda juu na kelele ya tumbo lililokula maharagwe ya jana. Mheshimiwa akafungua jicho moja akaniangalia tumbo. Nikatingisha kichwa, sio mimi. Hakuamini.

Sasa, chini ya kale kakikapu kuna kifuniko chenye springi. Jagi likiwa mahali pake linakisukuma, kahawa inashuka. Jagi lisipokuwa, kinajifunga, ili ukitoa jagi katikati ujimiminie kikombe isidondoke. Akili nzuri sana. Lakini jagi likiwa mezani na maembe chini yake, maji ya moto yanaendelea kuja tu, kikapu kinajaa, kinafika ukingoni, na maji hayana mahali pa kwenda isipokuwa nje.

Shangazi: "Bwana, fungua madirisha ya mbinguni!"

Chssss. Hiyo ni kahawa imeanguka kwa ile sahani ya moto.

"Mwaga, Baba! Mwaga baraka juu ya nyumba hii!"

Nikasikia ikitoka kaunta ikagonga sakafu. Kwanza matone, alafu ikawa mfululizo, sauti ambayo mtu wa umri wowote akisikia nyuma yake anajua ni sauti ya nini. Rafiki yangu mabega yakaanza kutetemeka.

"Zifurike, Bwana! Zifurike mpaka majirani waone!"

Nikafungua macho nikaangalia chini. Inakuja. Nyeusi, polepole, imebeba vipande vya unga wa kahawa kama mto wa Nairobi wakati wa mvua, inafuata mstari wa tailosi, inapita chini ya pazia, inakata kona. Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nilikuwa naiangalia kama mtu anaangalia basi yake ikiondoka. Ikafika kisigino cha kulia cha mzee ikasimama hapo sekunde moja, kama inabisha hodi, alafu soksi ikainywa.

Mkono wa mzee ukakakamaa ndani ya wangu. Ilikuwa imepoa kidogo njiani, kwa hivyo haikumchoma. Ilikuwa vuguvugu tu. Hapo ndio shida, wapendwa, vuguvugu. Mzee alifungua macho, hakuangalia sakafu. Aliangalia mbele ya suruali yake. Akaachia mkono wangu polepole sana, akapapasa goti, akapanda juu kidogo, pakavu, akapapasa tena. Alafu akageuka akaniangalia mimi, na nilichoona kwa macho ya yule mzee sitakiandika hapa. Alikuwa anaomba nisiseme.

Na mimi, na hii ndio inaniuma mpaka saa hii, nikaangalia kando. Badala ya kusema "mzee ni kahawa", nikaangalia kando kwa heshima.

"Amina!" shangazi akasema, akafungua macho, akaona.

Mengine yalikwenda mbio. Mama alipiga nduru, rafiki akaruka akang'oa plagi, Mheshimiwa akachukua taulo langu la kuogea, kapeti likaisha. Mimi nikasimama mbele ya mashine na mopu mkononi, kikapu kimebubujika kama chungu cha uji, na ile saa yake kabla izime ilikuwa inasoma 11:36 AM, nami kwa simu ni saa nane na nusu mchana, na hapo ndio kichwani kwangu kumi na moja ya Kiswahili na kumi na moja ya kizungu zikakutana.

Lakini hata kosa langu lilifaa kupika saa tano na nusu, kabla wageni hawajafika. Jumatatu nikamuuliza yule fundi wa Luthuli, akacheka mpaka akaketi. Transfoma hupunguza volti tu. Stima ya Marekani inapiga mizunguko 60 kwa sekunde, yetu 50, na saa za mashine kama yangu huhesabu hiyo mizunguko kujua wakati. Kwa hivyo kila saa moja ya Umoja, yenyewe inahesabu dakika 50. Tangu saa tatu usiku mpaka hiyo 11:30 yake zikapita saa kumi na saba na dakika ishirini na nne. Pigeni hesabu wenyewe. Saa nane na dakika ishirini na nne, shangazi akiwa kwa Isaka.

Mzee? Mzee alivua soksi, nikampa zangu za mpira wa miguu. Zile nyeupe nilitaka kuzifua akakataa, nikazitafutia mfuko wa kitambaa. Kabla azitie, akainusa moja. Akanusa tena. Akatoa chembe ya kahawa kwa kidole akaisugua.

"Hii wameichoma sana," akasema. "Robo kilo ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, na Mheshimiwa anasema njia nzima ya kurudi hakuongea kuhusu soksi hata mara moja, aliongea kuhusu hiyo bei.

Jana jioni amenipigia. Nikasimama wima sebuleni peke yangu kupokea simu.

"Kijana," akasema.

"Naam, mzee."

"Nilikuwa tu nataka kujua. Hapo kwako saa hizi ni saa ngapi?"

Na nikasikia huko nyuma mama na shangazi wakianguka kwa kicheko.