Mtoto kameza dawa ya minyoo mwezi jana, na shuleni tena ameze?

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi hapa Uyole, Mbeya, ajenda zilikuwa chakula cha mchana na mchango wa mlinzi, ila mwalimu wa afya aliposema tu kuna siku ya kumezesha watoto dawa za minyoo na kichocho kikao kikawa soko la Mwanjelwa. Mama mmoja anasema wangu nilishampa mwezi jana ya duka la dawa, simpi tena mtamuharibia ini. Baba mmoja kule nyuma anasema bila kupima choo hakuna kumeza, dawa ni sumu. Bibi mmoja naye, lafudhi ya Tukuyu kabisa, akasema sisi tulikunywa mitishamba mbona tupo. Mimi nilikaa kimya, siyo kwamba sina la kusema, nilikuwa na aibu yangu ya nyumbani ambayo ntaieleza huko chini.

Nianze na yule baba wa pima kwanza maana hakusikilizwa na hoja yake siyo ya kijinga hata kidogo. Huku kwetu mtoto akiumwa tumbo ni minyoo, akikosa hamu ya kula ni minyoo, akisaga meno usiku ni minyoo, akitoka tumbo kubwa ni minyoo, wakati tumbo kubwa na miguu kuvimba inaweza ikawa utapiamlo na wewe unamtafunisha vidonge tu miezi inakatika. Hapo yuko sahihi. Mtoto anayeumwa apelekwe akapimwe, hilo halina mjadala kwangu.

Ila kumezesha shule nzima ni kitu kingine. Hiyo hadubini ya zahanati inaangalia kachembe ka choo, na minyoo hawatagi mayai sawasawa kila siku, mtoto mwenye minyoo wachache anaweza kurudi na karatasi imeandikwa hakuna kilichoonekana na kumbe wamo. Na ukija kwenye amiba ndo kabisa, kuna ndugu yake asiye na madhara ambaye kwa hadubini wanafanana kama pacha, kwahiyo hata cheti cha "amiba" siyo msahafu. Halafu kupima darasa zima ni gharama kubwa kuliko kidonge chenyewe. Ndo maana Shirika la Afya Duniani wanapima eneo badala ya mtoto mmoja mmoja: wakikuta watoto asilimia 20 au zaidi wana minyoo, wote wameze mara moja kwa mwaka, ikifika asilimia 50 mara mbili. Kwahiyo kupima kupo, ila siyo kwa staili anayoitaka baba yetu.

Kwa yule mama wa ini jibu ni rahisi zaidi. Albendazo, ndo hiyo dawa ya minyoo ya kutafuna, ile ya miligramu 400 mara moja, sehemu kubwa inaishia tumboni huko huko na ndiko wadudu waliko. Mambo ya ini yanakuja kwa mtu anayeimeza wiki kwa wiki kwa ugonjwa mwingine, na huyo huwa anafuatiliwa damu yake. Mtoto aliyemeza mwezi jana akameza tena shuleni hapati tatizo. Wa mwaka mmoja hadi miwili anapewa nusu, chini ya mwaka hapewi, na mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo aiache. Ya chini ya miaka mitano wala haina haja ya kununua, inatolewa bure mwezi wa afya na lishe ya mtoto pamoja na matone ya vitamini A, ni sisi tu tunapitwa kwa sababu siku hiyo tuko shamba.

Kinachoogopesha watoto shuleni siyo hiyo, ni ile ya kichocho, prazikwanteli. Vidonge vikubwa, vichungu, na havihesabiwi kwa umri, wanamsimamisha mtoto kwenye mti wa kupimia urefu na alama anayofikia ndo inasema ameze vingapi. Mtoto akivimeza tumbo tupu anasikia kizunguzungu, anatapika, mwenzake akiona na yeye analia, jioni mtaa mzima unasema watoto wamelishwa sumu. Dawa yake ni uji tu kabla. Kikombe cha uji kingeokoa uvumi mwingi sana nchi hii.

Sasa kuna ubishi mwingine ambao kikaoni haukufika ila wasomi wamegombana nao miaka, kwamba hivi hizi dawa za mkupuo zinasaidia kweli? Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer uliofanyika Busia, Kenya, shule 75, wakasema utoro ulipungua kwa robo. Ikawa habari kubwa. Baadaye wakaja wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, 2015 na tena 2019, wakakusanya tafiti nyingi pamoja wakasema kwa wastani uzito, damu na matokeo ya darasani havibadiliki sana. Halafu 2021 kundi la Busia likarudi na hesabu za miaka 20, waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi matumizi yao ya pesa ukubwani yako juu kwa asilimia 14 kuliko wenzao. Mimi nikisoma hivi sioni kama kuna anayedanganya. Busia karibu kila mtoto alikuwa na minyoo, na ukimpa dawa mtoto mwenye minyoo wengi utaona tofauti, ukimpa ambaye hana utaona nini? Wastani unawachanganya wote kwenye sufuria moja. Kwahiyo swali la Mbeya ni sisi tuko wapi, na jibu la Kyela siyo jibu la Uyole. Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto, kuna unyevu, watoto pekupeku na safura anaingilia kwenye ngozi ya unyayo anaenda kunyonya damu, na ziwani kuna konokono wa kichocho. Huku juu baridi inambana safura kiasi chake. Mchango, yule mnyoo mrefu wa mviringo, ndo haringi, mayai yake magumu balaa, yanakaa kwenye udongo miaka, na jike mmoja anataga hadi 200,000 kwa siku.

Hapo ndo naingia kwenye aibu yangu. Mdogo wangu wa mwisho, ana miaka sita, naishi naye, alikuwa halali usiku. Anajikuna matakoni, anahamahama kitandani kama mtu aliyelalia siafu. Nikampa albendazo, nikajipongeza. Wiki tatu mbele yale yale. Saa nane usiku nikawasha tochi ya simu nikamgeuza nikaona vitu vyeupe vinatembea, vifupi, kama vipande vya uzi wa cherehani. Nilishtuka nikakaa chini. Kesho yake dada wa maabara jirani yetu akacheka, akasema hao ni minyoo uzi, wanatoka usiku kutaga pale pale, mtoto akijikuna mayai yanaingia kwenye kucha, kucha mdomoni, mengine kwenye shuka, mnaolala naye mnameza. Akaniuliza, ulimeza na wewe? Sikumeza. Ulirudia baada ya wiki mbili? Sikurudia. Kumbe kidonge kinaua wadudu wenyewe, mayai yanabaki, kwahiyo nyumba nzima mnameza siku moja, mnarudia baada ya siku 14, shuka na chupi zinafuliwa kwa maji ya moto, kucha zinakatwa. Tulifanya hivyo na yakaisha.

Ndo maana nasema tatizo langu mimi siyo dawa nyingi wala chache, ni kudhani kidonge kimoja kinafanya kazi zote. Minyoo mjeledi kwa dozi moja ya albendazo wengi wao wanabaki. Giadia, ile ya kuharisha choo kinachonuka kama yai viza, dozi hiyo moja haimtoi, anataka dawa nyingine ya kuandikiwa. Na tegu ndo habari yenyewe kwa mikoa yetu hii.

Tunapenda kitimoto, tusidanganyane, na nguruwe wengi vijijini wanafunguliwa wajitafutie, wanakula vinyesi porini. Nyama yenye vile vipunje vyeupe kama mchele ukiila haijaiva vizuri unapata tegu tumboni. Watu wengi wanaishia kujua hapo. Ila tegu huyo analeta na kifafa, na kifafa hicho hakitoki kwenye hiyo nyama moja kwa moja, kinatoka kwenye mayai yanayotoka kwa mtu mwenye tegu ambaye hakunawa, akashika chakula, au kinyesi chake kikafika kwenye mboga. Ukiyameza hayo mayai, vitoto vinavyotoka humo vinaweza kwenda mpaka kwenye ubongo vikakaa kama vifuko. Kwa maana hiyo Msabato au Muislamu ambaye hajawahi kugusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata, kwa sababu ya choo cha jirani. Kidonge cha kila miezi mitatu hapo kinasaidia nini? Hapo kinachotakiwa ni banda la nguruwe lenye mlango, choo kinachotumika, na chainizi ya kuoshwa vizuri badala ya kupitishwa tu majini. Tena mtoto aliyewahi kudondoka kifafa mwalimu aambiwe kabla ya prazikwanteli, maana kama ana vifuko vya tegu kwenye ubongo dawa inaweza kuviamsha akapata degedege, huyo aonwe na daktari kwanza. Hili kikaoni hakuna aliyelisema, hata mimi, na ndo linaloniuma.

Wengine watasema basi tuache vidonge tuweke hela kwenye vyoo na ndala. Hapana, choo kinachimbwa miezi na mtoto ana safura leo. Na wale wa vidonge tu nao, mayai yako kwenye udongo wa uani, utameza mpaka uchoke. Wafugaji wa mbuzi wanajua, dawa ikitumika ovyo ovyo inafika mahali mnyoo anaitazama tu. Kwa mbuzi na kondoo usugu huo umeshathibitishwa, kwa binadamu bado ni wasiwasi, ila ni wasiwasi wenye sababu.

Siku ya kumeza ni Alhamisi. Wangu atameza zote mbili, na nimeshamwambia mwalimu nitaleta sufuria ya uji, sukari atafute yeye. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono pale chooni kwao nimekikuta hakina maji wala sabuni, kamba yenyewe imekatika.