Vinci: mjenzi au mkusanya tozo?

Mwaka 2025 serikali ya Kenya iliuvunja mkataba wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliotiwa saini Paris mwaka 2020 na muungano wa Kifaransa ukiongozwa na Vinci, kampuni kubwa ya ujenzi na ya barabara za kulipia. Kazi ikagawiwa kampuni mbili za Kichina: CRBC, kwa ubia na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, na Shandong Hi-Speed. Wengi walilitazama jambo hilo kama mvutano wa Paris na Beijing. Mimi naona chanzo kiko karibu zaidi: namna Vinci inavyopata pesa zake.

Kampuni ilianzishwa 1899 na Alexandre Giros na Louis Loucheur, na kwa miaka mingi iliitwa Société Générale d'Entreprises. Loucheur baadaye akawa waziri, na sheria ya makazi ya bei nafuu ya 1928 inaitwa kwa jina lake, kwa hiyo ukaribu na serikali haukuanza jana. Jina la Vinci lilikuja mwaka 2000, mwaka uleule ilipoungana na GTM, kampuni nyingine ya ujenzi.

Mageuzi makubwa yalikuja 2006. Serikali ya waziri mkuu wa Ufaransa Dominique de Villepin iliuza hisa zake katika kampuni za barabara za kulipia, ikapata karibu euro bilioni 15, na Vinci ikaichukua ASF, kubwa kuliko zote. Mwaka huohuo mkuu wa Vinci, Antoine Zacharias, aling'oka baada ya mzozo kuhusu bonasi ya euro milioni 8 aliyoidai kwa ununuzi huo. Mtu haombi bonasi ya namna hiyo kwa kununua mzigo.

Hesabu zinaeleza kilichofuata. Mwaka 2023 kundi zima liliingiza euro bilioni 68.8. Barabara za kulipia zilileta chini ya sehemu moja ya kumi ya fedha hizo, lakini zaidi ya theluthi ya faida halisi. Kumwaga zege hakulipi sana. Kinacholipa ni kile kizuizi kinachoinuka ukishalipa.

Watetezi wa uuzaji huo wana hoja nzito. Serikali ilipata fedha taslimu ilipozihitaji, madeni yakahamia kwa kampuni, na barabara zenyewe ziko katika hali nzuri. Tozo nazo haziamuliwi na kampuni peke yake, kwani kanuni ya kuzipandisha imo ndani ya mkataba. Wapinzani wanajibu kwa ripoti ya 2014 ya mamlaka ya ushindani ya Ufaransa: katika kila euro 100 anazolipa dereva, kati ya 20 na 24 zilibaki kama faida halisi. Biashara isiyo na mshindani barabarani kupata faida hiyo ni jambo la kuuliza maswali. Kwangu kosa la 2006 lilikuwa kuuza bila kipengele cha kugawana faida pale mambo yanapokwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na riba za mikopo ya kampuni zilipokuja kushuka, tofauti ikaenda kwa wanahisa.

Kenya ilikuwa na hofu ya upande wa pili: mambo yakienda vibaya je? Katika mkataba wa Rironi, magari yakipungua, hasara ingeangukia serikali, na majaribio ya kuujadili upya hayakuzaa matunda. Vinci nayo isingelaumiwa sana kwa kutaka dhamana, maana anayekopa mabilioni kwa mradi wa miaka 30 katika nchi ambayo tozo ni suala la siasa lazima ajikinge. Hata hivyo, ukikingwa dhidi ya hasara, huwezi tena kudai faida ya mtu aliyejitosa.

Aliyekwama kwenye barabara hiyo, pale Gilgil au Kikopey, siku za Krismasi, malori ya kwenda Malaba yamejipanga mbele na matatu zinatanua pembeni mwa lami, hajali sana nembo iliyo kwenye kofia ya mhandisi. Miaka mitano ilipita kati ya saini na kuvunjwa kwa mkataba bila barabara kupanuliwa, na hiyo ni gharama isiyoonekana kwenye hesabu za upande wowote.

Ufaransa nayo zamu yake inakaribia. Mkataba wa Escota, kampuni tanzu ya Vinci kusini mwa nchi, unaisha 2032, wa Cofiroute, tanzu nyingine, 2034 na wa ASF 2036, na barabara zitarudi mikononi mwa serikali. Wanasiasa wa huko tayari wanabishana kama ziuzwe tena, kwa muda gani, na safari hii faida ikizidi makadirio iende kwa nani.