Texas: Jaji wa Kaunti Si Jaji Unayemdhania

Mkenya akisikia kaunti, anachowaza ni gavana na wawakilishi wa wadi. Akihamia Houston au Fort Worth, hayo ayasahau. Texas ina kaunti 254 na hakuna hata moja yenye gavana. Chombo kinachoongoza kaunti kinaitwa Mahakama ya Makamishna, nacho hakihukumu mtu. Ni kikao cha watu watano: makamishna wanne, kila mmoja wa eneo lake, na jaji wa kaunti anayechaguliwa na kaunti nzima. Wanapanga kiwango cha kodi ya ardhi na majengo, wanapitisha bajeti, wanashughulikia barabara zilizo nje ya miji. Sherifu huchaguliwa kivyake. Wanaweza kumbania fungu, lakini amkamate nani si kazi yao.

Huyo jaji wa kaunti halazimiki kuwa mwanasheria. Katiba ya 1876 inataka tu awe anaijua vizuri sheria ya jimbo. Katika Harris, kaunti ya Houston, yenye watu zaidi ya milioni 4.7, jaji wa kaunti ni mtu wa bajeti na mafuriko, na kesi huzigusa kwa nadra. Kwenye kaunti ndogo bado anasikiliza mirathi na makosa madogo.

Mahakama zenyewe, zile zinazohukumu ndani ya kaunti, ziko ngazi tatu. Juu ni mahakama za wilaya: jinai kubwa, talaka, migogoro ya umiliki wa ardhi. Katikati ni mahakama za kaunti, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Chini kuna hakimu wa amani: makosa ya faini isiyozidi dola 500, madai hadi dola 20,000, na kesi zote za kumtoa mpangaji kwenye nyumba.

Hapo ndipo ninapogomba. Jaji wa wilaya sasa anatakiwa awe na miaka 8 ya uwakili au ujaji. Hakimu wa amani hahitaji hata siku moja. Akishachaguliwa anapewa mafunzo ya saa 80 katika mwaka wa kwanza, kisha saa 20 kila mwaka. Na huyo ndiye anayeamua kama familia italala ndani au nje! Ngazi inayowagusa wengi ndiyo iliyoachiwa ujuzi haba.

Tazama karatasi ya wito. Imeandikwa, tuseme, "Precinct 5, Place 2". Neno la kwanza ni eneo la hakimu, na si lazima mipaka yake ilingane na ya eneo la kamishna, hata namba zikifanana. La pili watu hulitafuta kwenye ramani, wakidhani ni mahali. Ni namba ya kiti tu, maana eneo moja laweza kuwa na mahakimu wawili. Mpangaji akiingia chumba cha hakimu mwingine na jina lake likaitwa huko asikokuwepo, anaweza kushindwa kesi bila kusikilizwa.

Akishindwa, ana siku 5 za kukata rufaa tangu hukumu isainiwe. Asiye na pesa za dhamana hujaza hati ya kiapo kwamba hana uwezo. Rufaa huenda mahakama ya kaunti, na kesi huanza upya kabisa, mashahidi na vielelezo vyote, kwa kuwa mahakama ya hakimu wa amani haitunzi kumbukumbu rasmi ya mwenendo. Kwa hiyo risiti za kodi ya nyumba asizitupe baada ya raundi ya kwanza.

Kosa jingine watu hulifanya kwa makarani. Hati ya ndoa na hati za ardhi ziko kwa karani wa kaunti. Faili la talaka liko kwa karani wa wilaya, pengine jengo la jirani. Foleni ni mbili, na ukimaliza moja kwa makosa huhamishiwi nyingine.