Kabla ya kununua pampu, pima maji kwa ajili ya udongo

Tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro na Meru zinazidi kuchimbwa visima. Nafurahi kuviona, maana mvua hazitabiriki na maji ya mifereji yanagombaniwa. Kinachoniumiza ni hesabu yenyewe. Mtu anauza ng'ombe, anakopa kwenye kikoba, analipa wachimbaji, ananunua pampu ya sola na mipira ya matone, lakini hatengi hata shilingi ya kujua kama maji hayo yanaufaa udongo wake.

Ukimuuliza atakwambia yamepimwa. Kweli, yamepimwa kwa ajili ya kunywa. Udongo una masharti yake mengine: chumvi yote iliyomo ni kiasi gani, na sodiamu imezidi kwa kiasi gani ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu. Bila majibu ya maswali hayo mawili, cheti cha maji salama hakimsaidii mkulima.

Kwenye miamba ya volkano kama yetu, maji mengi ya chini yana sodiamu na bikaboneti (ile iliyomo kwenye magadi) kwa wingi, na kalsiamu kidogo. Ndiyo hayo tunayoyasifu: meupe, laini, sabuni inatoa povu upesi. Yakiingia kwenye udongo wa mfinyanzi, sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu iliyokuwa inashikanisha chembe. Chembe zinatawanyika na kuziba matundu ya kupitishia maji na hewa. Bikaboneti nayo inaigeuza kalsiamu iliyobaki kuwa chokaa. Misimu ikipita, maji yanatuama juu wakati ukichimba kidogo kwa kidole unakuta pakavu, na maharage yanashindwa kupasua ganda la juu ili yaote. Mkulima analaumu mbegu, anaongeza mbolea.

Sisi wa huku tuna dalili tuliyoizoea mno, meno ya kahawia yanayoletwa na floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa. Kalsiamu ikiwa nyingi kwenye maji huizuia floraidi isizidi. Ikiwa chache, floraidi inapanda. Kwa hiyo kijiji ambacho watoto wake wana meno hayo, mara nyingi maji yake yana sodiamu nyingi pia. Hapo usimwagilie kabla ya kupima.

Chumvi ya jumla nayo ina hesabu yake. Chukua maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, ambayo watu wengi wanayanywa bila kulalamika. Ukimwagilia milimita 500 kwa msimu kwenye ekari moja, umeingiza karibu tani 2 za chumvi, yaani mifuko 40 ya kilo 50. Mmea unanyonya maji na kuiacha chumvi chini. Kwa maji ya namna hiyo, viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vinaonyesha maharage hupoteza takriban robo ya mavuno, wakati nyanya bado zinavumilia. Kipimo kingekwambia mapema upande nini.

Kuna jaribio la nyumbani. Weka maji ya mvua kwenye glasi, dondosha bonge dogo la udongo mkavu, usikoroge, liache. Likizungukwa na wingu la tope lisilotulia, sodiamu imeshaingia. Jaribio hili haliondoi haja ya maabara, ila linatosha kukufanya upeleke sampuli Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, au kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), Tanga.

Tiba ipo. Jasi, madini yenye kalsiamu, inarudisha kalsiamu hiyo kwenye udongo, na tunayo hapa hapa: inachimbwa Makanya, wilayani Same, na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Lakini jasi bila maji ya kusafishia na mfereji wa kutolea ni kazi bure, kwani sodiamu iliyong'olewa lazima iwe na pa kwenda. Kwenye tambarare ya mfinyanzi, mfereji huo unaweza kuwa gharama kuliko kisima.

Ndiyo maana nasema tuzuie mlangoni. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inapoombwa kibali cha maji ya umwagiliaji, idai vipimo vya chumvi, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti, na mwombaji aelezwe maana yake kwa Kiswahili cha shambani. Na mkopeshaji anayedai hati ya shamba kabla ya kutoa fedha za pampu, adai na karatasi hiyo.