Miwani ya kupunguza kasi ya miopia: tutazame daiopta kabla ya asilimia

Mtoto anayekunja macho ili asome ubaoni akipewa miwani, ubao huonekana na wazazi wakadhani shida imekwisha. Kumbe katika miopia, yaani kuona karibu na kushindwa kuona mbali, kwa kawaida jicho lenyewe limerefuka kupita kiasi, na miwani ya kawaida hailizuii kuendelea kurefuka. Jicho lililorefuka sana huongeza hatari ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka, na ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, ukubwani.

Lenzi ya kupunguza kasi hiyo iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Politekniki cha Hong Kong pamoja na kampuni ya Hoya ina duara safi katikati lenye upana wa milimita 9, likizungukwa na vilenzi karibu 400, kila kimoja cha milimita moja hivi, ambavyo ukiinamisha miwani mwangani utaviona kama sega la nyuki. Mtoto huona mbali kupitia duara lile, huku vilenzi vikikusanya sehemu ya mwanga mbele ya retina, jambo linaloaminika kupunguza kasi ya jicho kurefuka.

Katika jaribio la lenzi hiyo la miaka miwili huko Hong Kong, miopia ilipungua kasi kwa asilimia 52. Namba iliyo nyuma ya asilimia hiyo ni hii: miopia ya waliovaa lenzi za kawaida iliongezeka kwa daiopta 0.85 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na ya waliovaa lenzi mpya kwa 0.41. Tofauti hiyo haifiki hata hatua mbili za kipimo cha miwani, ambapo kila hatua ni daiopta 0.25, na wanaouliza kama inastahili gharama yake wana hoja, hasa kwa kijana wa miaka 13 ambaye macho yake yamekaribia kutulia. Kwa mtoto wa miaka 7 hoja hiyo hulegea, kwa kuwa jicho lake lina miaka mingi ya kurefuka mbele yake.

Wengine husema mtoto acheze nje, inatosha. Huko Guangzhou, China, dakika 40 za nje zilizoongezwa kila siku ya shule zilipunguza visa vipya vya miopia katika miaka mitatu kutoka asilimia 39.5 hadi 30.4, bila lenzi yoyote. Lakini hiyo ni kinga kwa ambaye bado hajapata miopia; aliyekwisha kuipata, jua pekee halimtoshi.

Kinachoniamulia mimi ni uvaaji. Katika jaribio la lenzi za Stellest, aina nyingine ya lenzi za kupunguza kasi ya miopia, huko Wenzhou, China, kasi ilipungua kwa asilimia 55 kwa ujumla, na kwa 67 kwa waliozivaa saa 12 au zaidi kila siku. Mtoto mdogo atakayezivaa kutwa ningemlipia. Anayezivua kila atokapo darasani, ningeanza kwa kumzoesha miwani ya kawaida.