Jeli ya kitosani: tusikimbilie glutaraldehidi

Magamba ya kamba na kaa yanayotupwa Mikindani au Kilwa Kivinje yana kitini, dutu ngumu inayoyapa uimara wake, kati ya asilimia 15 na 40 hivi ya uzito wake mkavu. Kitini ikichemshwa kwenye kostiki kali (soda ya kutengenezea sabuni) hugeuka kitosani, na hapo ndipo ndoto za kiwanda kidogo huanzia: bandeji za vidonda, punje za kuchujia maji, jeli ya kutunza unyevu kwenye miche. Tatizo ni kwamba kitosani huyeyuka kwenye asidi hafifu, hata siki. Jeli yake haidumu mpaka minyororo ya molekuli ifungwe pamoja, kama nyuzi zinavyopigwa mafundo zikawa wavu. Ubishi uliopo ni ifungwe kwa kitu gani.

Upande wa glutaraldehidi, kemikali ya maji inayounganisha molekuli, una hoja nzito. Ni ya bei nafuu, haihitaji mtambo wala joto kubwa, na ncha zake mbili hushika vikundi vya amino (vijisehemu vya molekuli vyenye nitrojeni) vya minyororo miwili tofauti kwa kifungo cha kikemia hasa. Jeli inayopatikana haiyeyuki kwenye asidi. Hilo si jambo dogo, kwa sababu punje zilizonasa madini kama shaba au risasi mara nyingi huoshwa kwa asidi ili zitumike tena. Zisipofungwa barabara, huyeyukia humo humo.

Wanaoipinga huanza na sumu, na wana haki. Ni dawa ileile ambayo hospitali zimeitumia kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji, na mvuke wake huwasha macho na kubana kifua. Mabaki yake yakibaki ndani ya bandeji, yanaua chembe hai za kidonda tunachotaka kipone. (Mkulima wa korosho anayepuliza salfa kila msimu kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, hahitaji kuhubiriwa habari za kemikali. Anachotaka kujua ni kiasi gani, na kinaishia wapi.)

Kwangu mimi kuna hasara nyingine inayozidi hiyo, nayo haisemwi sana. Vikundi vya amino ndivyo vinavyofanya kazi yote. Ndivyo vinavyonasa madini, vinavyosumbua bakteria, vinavyosaidia damu kuganda. Kwa mfano, juisi ya mabibo ina ukakasi kwa sababu ya tanini, na kitosani iliyoyeyushwa huikamata tanini hiyo ikatuama chini. Sasa kila kikundi cha amino unachokifunga kwa glutaraldehidi umekiachisha kazi. Ukizidisha, unapata jeli ngumu, inayovunjika ovyo, isiyovimba vizuri na isiyonasa kitu cha maana.

Njia ya pili ni tripolifosfati, fosfati ileile inayotiwa kwenye kamba wa kugandishwa ili washike maji. Hapa hakuna kifungo cha kikemia, ni chaji za umeme zinazovutana tu: kitosani ndani ya asidi ina chaji chanya, fosfati ina chaji hasi. Dondosha matone ya moja ndani ya nyingine, punje zinajitengeneza palepale. Haina ukali, lakini asidi kali huilegeza, na chumvi pia. Kwa visima vya karibu na bahari, vyenye maji ya chumvichumvi, huo ni udhaifu wa kweli.

Ipo pia jenipini, kiunganishi kitokanacho na tunda la gardenia, mmea wa maua. Huifunga kitosani polepole na kuigeuza rangi ya buluu iliyokolea, na sumu yake kwa chembe hai ni ndogo mno ikilinganishwa na glutaraldehidi. Bei yake ndiyo kikwazo.

Kwa bandeji, ningelipa bei hiyo au nisitengeneze bandeji kabisa. Punje za kuchujia madini ni habari nyingine: glutaraldehidi kidogo, ikafuatiwa na kuoshwa sana, inakubalika. Jeli ya miche ya korosho haina haja ya kufungwa sana, maana vijidudu vya udongo huila kitosani, na tunataka ioze.

Ila mabishano haya yote yanahusu gramu chache za kemikali ya mwisho. Kabla yake kuna asidi ya kuondoa chokaa kwenye magamba, kisha kostiki ya asilimia 40 hadi 50, kwa lita nyingi. Mwenye mpango wa kiwanda cha namna hii Lindi au Mtwara ningemwomba kwanza anionyeshe shimo la kutibia maji hayo, ndipo tuzungumzie jeli.