Bosi wa leo anadaiwa vyote: asikilize watu na alete faida

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida, mradi ifuate sheria. Agosti 2019, wakuu 181 wa kampuni kubwa za Marekani walitia saini tamko la Business Roundtable, umoja wa wakuu hao, lililoahidi kuwajali pia wafanyakazi, wateja, wasambazaji na jamii.

Wanaounga mkono mabadiliko haya wana hoja nzito. Kosa la kazini huonwa kwanza na aliye karibu nalo, mara chache na mkurugenzi. Anayeogopa kufokewa atanyamaza, na hitilafu ambayo ingerekebishwa Jumatatu itamfikia mteja Ijumaa. Kwa hiyo bosi anayesikiliza analinda hata hiyo faida.

Lakini deni la zamani, la kuleta faida, halijafutwa. Katikati ya 2020 wenyehisa wa Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa iliyoongozwa na Emmanuel Faber, walipiga kura kuingiza malengo ya kijamii na mazingira katika katiba ya kampuni. Machi 2021 bodi ilimwondoa Faber, baada ya wawekezaji kulalamikia thamani ya hisa na matokeo ya biashara.

Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni meneja wa kati. Tuseme anatakiwa kuzungumza na kila mtu wake nusu saa kwa wiki. Akiwa na watu 6, ni saa 3. Akiwa na 14, ni saa 7, karibu siku nzima ya kazi, bado hajafuatilia alichoahidi. Kampuni inayopunguza ngazi za uongozi ili kubana matumizi, huku ikidai mameneja wawe karibu na watu, inawaonea. Mazungumzo yataahirishwa, kisha yatageuka kuwa taarifa ya kazi ilipofikia, na yule aliyekuwa na jambo zito atakaa nalo.

Kosa lingine ni kukusanya maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Hapo ni afadhali kutouliza kabisa, maana watu wakigundua, safari ijayo hawatasema kitu. Kabla ya kuuliza, kiongozi aandike mambo matatu: kipi hakijadiliwi tena, nani ataamua kilichobaki, na lini. Uamuzi ukitoka, aeleze maoni gani yamekataliwa na kwa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayomfanya mtu aliyekataliwa leo arudi na wazo kesho.

Halafu kuna bonasi. Ikihesabiwa yote kwa mauzo, meneja atafuata mauzo, hata afundishwe usikivu mara ngapi. Sehemu ya bonasi ipimwe kwa wafanyakazi wazuri walioondoka wenyewe na sababu walizotoa, na kwa matatizo yaliyoripotiwa mapema. Idadi ya malalamiko isitumike kumkata alama, la sivyo atayazima kabla hayajafika juu.